Msiba Juu ya Ukuta wa Lucca

Bwera, 9 Februari 2025

Mwanangu Jonan,

Anayesema ni mimi mama yako Marita, anayeandika ni Geneviève kama siku zote. Ukikuta neno la kifahari ni lake, ukikuta la kukuchokoza ni langu. Sisi tuko wazima. Kahawa imetoa maua, na kaka yako Tsongo bado hajaoa na bado ana hasira ile ile aliyotoka nayo jeshini. Hofu ni kwako uliye kwenye baridi.

Kaa chini kabla hujasoma linalofuata. Ninakuja huko. Huu ni mwaka wa Jubilei na mahujaji wa Kasese wanakwenda Roma. Parokia yetu ilipewa nafasi moja, kura ikapigwa kanisani, jina langu likatoka. Wanawake wa chama walinibeba juu juu mpaka nje, mimi na magoti haya. Kiongozi wetu ni Semu, katekista wa Kasese mjini. Wenzangu wengine ni wa Kasese na Katunguru, kutoka Bwera niko peke yangu. Semu anasema baada ya Roma basi litatupeleka siku moja Lucca, tuone msalaba wa kale wanaouita Uso Mtakatifu, kisha tutembezwe mji kwa miguu. Nikamwuliza Lucca ipi. Akasema ile yenye ukuta mzima kuuzunguka. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka waniulize.

Ndiyo mji wako. Simu umenikataza kwa sababu ni ya kampuni, nami nimetii. Tangu uondoke sijakugusa. Sasa nitakuona kazini, ukitembea mbele na wageni wakikufuata nyuma. Nitakuletea kahawa ya ule mti ulioupanda mwenyewe, na unga wa muhogo, maana mkono mtupu haulambwi. Nataka kitu kimoja tu kwako. Uniite mama mbele ya watu, nisikie kwa masikio yangu.

Mama yako,
Marita

Kaka Jonan, hapa chini ni mimi Geneviève. Mama ameshashona gauni la safari na analijaribu kila siku. Nami nakusalimu. Tangu nikimbie upande wa Beni, kule Kongo, na mama yako anipokee, katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza yaliyotupata. Wengine waliniambia nisahau. Wewe ulikaa nami jikoni ukauliza mpaka rangi ya kitenge. Jambo hilo nalikumbuka kwa shukrani.


Lucca, 2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Hongera, hujaji wangu. Kumbe Mungu naye hupiga kura.

Lakini kwa kuwa mabasi ya huku nayo huharibika kama ya kwetu, acha nikutembeze mji mimi mwenyewe hapa kwenye karatasi, ili hata usipofika uwe umeshafika.

Tunaingia kwa lango la San Pietro. Hapo nawaambia wageni wainue macho waone milango, mizito na mikongwe, bado imesimama. Ukuta ni mpana hata juu yake imepandwa miti na watu wanapita na baiskeli. Boda boda za Bwera zingeweza kupishana huko juu bila kutukanana. Waliujenga wakimngoja adui, na adui hakuja. Kilichokuja ni maji. Mto ulifurika kama Nyamwamba inavyowafanyia watu wa Kasese, wakafunga malango, wakaziba nyufa kwa magodoro, mji ukabaki mkavu. Wageni hupenda sana hapo, hupiga makofi. Hakuna aliyewahi kuniuliza waliokuwa nje wakati malango yanafungwa walikwenda wapi. Nami siwaambii, maana sijui.

Kutoka hapo tunakwenda kanisa kuu. Nje, kwenye nguzo, imechongwa njia iliyojipindapinda, unatia kidole unaifuata mpaka katikati. Vidole vya watu vimelilainisha jiwe. Ndani ndipo alipo Yesu wako wa mbao, mweusi kama sisi. Kisha tunapita kwenye mnara wenye miti juu ya paa. Mwambie Tsongo huku watu wanapanda miti juu ya nyumba. Kisha kwenye uwanja wa duara, ambapo zamani watu walikaa kutazama wenzao wakiuawa, na sasa wanakaa pale pale kunywa kahawa kwenye vikombe vidogo kama vizibo.

Mwisho tunapanda ukutani, chini ya miti. Pale nawasimulia hadithi moja ya kufungia safari. Hiyo ndiyo inayonipa mkate, Mama. Wapo wageni wanaorudi mwaka wa pili kuja kuisikia tena.

Sasa umeona yote. Ndiyo maana nasema Roma inakutosha. Mawe ya barabara za huku yatayamaliza magoti yako. Mwambie Semu akuache hotelini upumzike, mimi nitatafuta ruhusa nije huko huko Roma nikuone.

Mwanao,
Jonan

Msalimie Geneviève. Mwambie mwandiko wake umezidi kuwa mzuri.


Lucca, 5 Machi 2025

Tsongo kaka,

Barua hii isome peke yako kisha uichome. Usimpe Geneviève.

Nisaidie kumzuia Mama. Nilipofika huku niliwaambia wakubwa wa makaratasi kwamba mimi ni Mkongo wa upande wa Beni, kwamba kwetu walikuja watu wa mapanga, na mama yangu aliuawa. Lugha ni ile ile mpakani kote, nani angejua? Mtu wa Uganda kama mimi, kwa macho ya huku, hana sababu ya kukimbia. Wa Beni anayo. Jina langu huku si Jonan. Makaratasi yangu yanakaguliwa upya mwezi wa saba, na anayenishuhudia ni Signora Ornella, mwenye kampuni ya matembezi. Ile hadithi ya mama yangu kuuawa ameisikia, akalia, akaniambia niwe nikiwasimulia wageni mwisho wa safari. Sasa ndiyo inayoipa kampuni jina. Watu wanakuja kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya ukuta.

Signora ameona kwenye ratiba kwamba mahujaji wa mpakani wanakuja, akafurahi, akanipa kundi hilo. Atakuja mwenyewe anisikie nikisimulia kwa Kiswahili, kwa watu "wa kwetu". Mama akiniita mwanangu mbele yake, nimekwisha. Nitarudishwa na mfuko wa plastiki mkononi, na maneno ya mjini unayajua.

Mwambie Mama ni mgonjwa. Mfiche pasipoti. Wewe ulikuwa mwanajeshi, utajua la kufanya.

Ndugu yako,
Jonan


Bwera, 28 Machi 2025

Jonan,

Barua nimesoma. Sijachoma.

Mama ameshapata pasipoti, ameshachanjwa, anatembea barabarani Bwera mpaka kwa wabadilisha fedha akiwaambia "mimi naenda kuona mutoto yangu." Mpaka Wakongo wa sokoni wanajua. Wewe unataka mimi nimwambie abaki. Nimwambie kwa sababu gani? Wewe umeua mama, sasa unaniomba nimzuie maiti asitembee.

Jeshini tulikuwa na amri moja ya watu kama wewe: "Afande, umeharibu wewe, utasimama wewe." Mwambie mwenyewe. Mimi sina mdomo huo.

Tsongo


Lucca, 13 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Nimefikiri tena. Njoo. Magoti tutayaombea kwa Uso Mtakatifu.

Ila kuna sheria ya kazi nilisahau kukwambia. Kampuni haimruhusu mwongozaji kuongoza ndugu zake. Wanaogopa tutawapendelea ndugu na kuwaacha wageni nyuma. Nikikutwa, nafukuzwa siku ile ile. Kwa hiyo ukifika usinikimbilie, usinishike, usiniite mwanangu. Nami sitakuita mama. Utavaa kifaa cha sikioni cha kusikilizia sauti yangu kama wengine na kunifuata kama wengine. Huku nina jina jingine la kazi, usishangae ukilisikia. Na ile hadithi ya mwisho, pale ukutani, hata ikiwa ya kusikitisha usiitie moyoni. Ni maneno ya kazi, kama mhubiri anavyopandisha sauti.

Najua uliniomba nikuite mama mbele ya watu. Nitakuita nikija nyumbani, siku makaratasi yangu ya muda mrefu yatakapotoka. Nitakujengea nyumba ya vigae upande wa barabara, kila apitaye aulize ni ya nani.

Mwanao,
Jonan


Bwera, 4 Mei 2025

Mwanangu Jonan,

Tumekuelewa. Geneviève amenisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani amekosea.

Basi sheria ni sheria. Nitanyamaza kama jiwe la ukuta wako. Nilikuzaa siku ya soko, nimelala juu ya magunia ya pamba, na sikupiga kelele ili wanunuzi wasinicheke. Kunyamaza siku moja hakunishindi. Nitakuwa bibi mmoja wa Kasese mwenye magoti mabaya. Wewe nawe usinitazame sana, maana uso wako wa kuficha kitu ninaujua, hata wakubwa wako wa kazi wataujua.

Nitajipatia haki ndogo tu. Mkitugawia vile vifaa vya masikioni, changu unipe wewe mwenyewe. Niguse vidole vyako. Hakuna sheria inayokataza hilo, nimemwuliza Geneviève naye anasema hadhani.

Hiyo hadithi yako ya kusikitisha nitailia hata kama haisikitishi, wageni waone una maneno.

Mama yako,
Marita


Lucca, 12 Juni 2025

Mama,

Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Nimecheka mwenyewe njia nzima nikirudi chumbani. Nilikuwa nimeogopa bure. Wewe ungefaa sana kuigiza.

Ulipopokea kifaa cha sikioni ulisema "asante, bwana" na kuondoa mkono haraka hata mimi nikaamini hatujuani. Kwenye nguzo ya kanisa uliweka kidole ukafuata njia mpaka mwisho, ukauliza, "Na huyu aliyeingia hapa, anatokaje?" Wote wakacheka. Signora, mwenye kampuni, aliniuliza huyo bibi ni nani, nikamwambia simjui.

Na pale ukutani! Nilipoanza hadithi niliogopa utanikatiza. Lakini ulisimama tuli na mikono kifuani, macho makavu kabisa, huku mahujaji wenzako wakipenga makamasi. Kisha watu walipopanga foleni kunipa pole, nawe ukapanga. Ukaja ukasema, "Pole, mwana wa watu, kwa kufiwa na mama." Kwa sauti ile ile. Ukainama na magoti yako, ukaweka kile kifurushi cha kahawa na unga chini miguuni pangu, si mkononi, kama mtu asiyenijua kabisa. Safi sana. Signora alilia mpaka akaketi kwenye nyasi. Jioni aliniambia ataniandikia ushahidi mrefu, na kwamba hajawahi kuona watu wenye huruma kama wa kwetu.

Kahawa nimeinywa. Ni ya mti wangu kweli. Karibu yote yamekwisha, Mama, mwezi ujao tu na makaratasi yatakuwa mkononi. Mwambie Tsongo hofu yangu ilikuwa ya bure.

Mwanao,
Jonan


Bwera, 6 Julai 2025

Jonan,

Mama anasema, mimi Geneviève ninaandika. Ameniambia niandike kila neno lake nisipambe.

Anasema: tulirudi salama, miguu imevimba ila inashuka. Anasema ulivyotembea mbele ya watu, mgongo ni wa baba yako. Mji wako ni mzuri na hauna vumbi. Alihesabu nguo kwenye madirisha akajiuliza za kwako zinaanikwa wapi.

Anasema: pale kanisani katikati ya watu nilikaribia kukosea. Ulipita karibu nikaona kola yako imejikunja, mkono ukanyanyuka wenyewe, nikaugeuza nikajikuna shingo.

Anasema: kisha tukapanda ukutani. Yule mama mzungu alikuita Xavier. Nikajua ndilo jina la kazi, nikaona ni jina zuri. Ukasimama juu ya benchi la jiwe ukaanza. Ukasema, "Mama yangu alikuwa na sufuria ya maharage motoni." Nikatabasamu, nikadhani unanisema mimi, nami napenda maharage. Kisha ukasema wenye mapanga waliingia, wakamwamuru awapakulie kwanza. Wakala. Wakamsifu upishi. Ukasema alivaa kitenge cha kijani chenye tausi. Ukasema watoto walikuwa chini ya kitanda, na mmoja alipiga chafya, na mama akakohoa kwa nguvu, akakohoa tena na tena ili wadhani ni yeye. Ukasema chafya ile ilikuwa yako, na kwamba walimwua mama yako akiwa bado anakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kifaa sikioni, Jonan, unaniua ndani ya sikio. Sijawahi kuwa na kitenge cha tausi. Uliutoa wapi uovu wote huo? Kama ilikuwa lazima nife, malaria haikukutosha?

Hapa ninaweka maneno yangu mimi mwandikaji. Nilikuwa nimeweka kalamu chini. Mama ameniuliza kama wino umekwisha, nikamwambia ndiyo, ameingia ndani kunitafutia kalamu nyingine.

Mama yako hajui. Mimi nilimwambia tu kwamba kwetu walikufa. Yaliyobaki nilimwambia mtu mmoja. Kitenge kile kilikuwa cha mama yangu, alikinunua Butembo siku ya Pasaka. Aliyepiga chafya ni mimi. Xavier kaka yangu alitoka chini ya kitanda mwenyewe, ili wasiiname kutazama wakaniona. Hiyo hukuisimulia. Wewe Xavier umemwacha hai, ukamvaa.

Mama amerudi na kalamu. Nimemwambia yote. Amekaa chini kwenye majani ya mihogo aliyokuwa akichambua. Sasa ameniita nimalize.

Anasema: andika. Ndani ya basi, tulipotoka kwenye ukuta wako, Semu alisimama akasema, "Tuombee mama ya huyu kijana, roho yake ipumzike." Rozari nzima basi zima. Na mimi nilijibu. Nilijiombea raha ya milele, mwanangu, nikasema amina na wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi kunyamaza.

Anasema: na kile kifurushi. Unanisifu kwamba nilikiweka chini. Umekaa huko mpaka umesahau? Kwetu zawadi ya mtoto hutiwa mkononi. Kinachowekwa chini ni cha matanga, mbele ya mfiwa. Nilikuja na zawadi, nikakuta msiba. Sikuwa ninaigiza.

Amesema tusiandike "mama yako" mwishoni. Niandike tu Marita.

Marita


Lucca, 30 Julai 2025

Geneviève,

Nakuandikia wewe kwa sababu Mama umemjaza maneno, na wewe ndiye unayeweza kuyatoa.

Nimekasirika, sitakuficha. Barua kama ile ingefunguliwa njiani? Kwangu ilikuwa imebaki sahihi tu, sasa wamenipa makaratasi ya miaka mitano, na wewe unaandika majina waziwazi kama unamtumia mtu salamu za redio.

Unasema nimechukua. Nimechukua nini kilichokuwa kinakusaidia? Hadithi ile ilikuwa imekaa jikoni kwetu pamoja na masizi. Wewe hukutaka kwenda popote. Ulikuwa unaisema ukimenya ndizi, unalia, unaendelea kumenya. Mimi nimeifikisha mbali. Watu kutoka Ujerumani, kutoka Marekani, wamemlilia mama yako juu ya ukuta ambao watu wakubwa wa dunia wametembea. Beni nani alimlilia? Hata wewe ulikimbia hujamfunika uso. Nisamehe, lakini ni kweli.

Na mimi Mama sikumdhuru. Ni maneno. Kuna mtu aliyekufa kwa maneno? Kahawa anakunywa, anatembea, anakwenda misa. Mwambie nitakuja Krismasi ya mwaka ujao, nitapitia Kigali nivuke kimyakimya. Vigae nimeshaviulizia.

Nina jambo moja la kazi, na ni wewe tu unayeweza kunisaidia. Wageni siku hizi wananiuliza ndugu walizikwa wapi, kama kuna kaburi, kama ninalitembelea. Nasitasita na Signora ameona. Niambie kaka yako alizikwa wapi, na kama palikuwa na mti au kanisa karibu, chochote cha kuonekana. Neno dogo tu linatosha.

Jonan


Bwera, 7 Septemba 2025

Kwa mwongozaji wa Lucca,

Sisi hapa hatujambo. Hofu kwako hatuna tena.

Mama Marita nilimsomea barua yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Amesema mimi natembea?" Nikasema ndiyo. Akamwita Tsongo.

Unajua kinachofanywa kwa mtu aliyefia mbali na mwili wake haupatikani: huzikwa mgomba badala yake. Tsongo alikwenda bondeni akakata mgomba. Aliukata kwa kimo chako, alijipimia yeye mwenyewe kwa sababu mlikuwa mnalingana. Mama akaufunga kwenye shuka yako ya shuleni. Majirani walikuja na unga, na maharage, na kuni, wakaviweka chini mbele yake. Aliyenyolewa nywele ni Mama, na kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani. Wanawake wa chama, wale waliombeba juu siku ya kura, walimshika mikono. Mmoja akamwuliza, "Pole mama. Mutoto alikufia wapi?" Mama akasema, "Kule, juu ya ukuta. Nilikuwako." Tsongo alichimba, na nilidhani atatukana, kama kawaida yake. Alilia kwa sauti kama mtoto, akakataa kupokewa jembe.

Nilitaka kuwaandikia wakubwa wako wa makaratasi. Nilikuwa nimeshaanza, kwa Kifaransa, vizuri kabisa. Mama akanikataza. Hakunikataza kwa ajili yako. Alisema, "Yule wa huko ni Xavier. Mama yake alikufa akimficha. Mwache aishi, hana mtu." Ndiyo huruma uliyoipata Bwera, na hutapata nyingine. Barua nimeichana, makaratasi yako ni salama. Umepata ulichoomba: huko huna mama, na hapa pia huna. Hutasema uongo tena ukifika sehemu hiyo.

Krismasi usivuke kimyakimya. Pita mpakani mchana, sema wewe ni Xavier, tutakupokea kama tunavyopokea mgeni. Tsongo atakupa maji. Mama atakusalimu na kukuita "bwana". Nami nitakutembeza kwa miguu, maana nimejifunza kwa barua zako namna inavyofanywa. Hapa ndipo lango, halifungwi, mimi niliingilia hapo nikiwa na kiatu kimoja. Hapa ni jiko, ambapo kijana wa nyumba hii alikaa kwenye kigoda akauliza rangi ya kitenge, na msichana akaona amependwa. Hapa kahawa yake. Mwisho tutashuka nyuma ya kahawa, na hapo nitakusimulia hadithi ya kufungia safari.

Uliuliza kaka yangu alizikwa wapi. Hakuwa amezikwa. Yeye na mama walibaki pale walipoangukia, na mimi sikurudi, kama ulivyonikumbusha. Lakini siku ile Tsongo alipomaliza shimo lako, Mama alitazama mchanga uliotoka akasema, "Kama tunachimba, tuchimbe na mengine." Tsongo akarudi bondeni kukata migomba miwili mingine. Mama yangu tulimfunika kwa kitenge cha Marita, kile alichovaa Roma. Xavier nilimfunga mimi.

Kwa hiyo wageni wakikuuliza tena, usisitesite mbele ya Signora. Waambie Xavier amezikwa Bwera, chini ya mti wa kahawa, mama yake upande mmoja. Upande wa pili kuna kijana anaitwa Jonan. Huyo mama yake yu hai, na kila asubuhi anapita hapo kwenda kuteka maji.

Geneviève